Sarafu Moja ya Afrika Mashariki: Mtu wa Mikese Atapata Nini?

Nimekuwa kimya kidogo, si unajua tena mambo ya majaribio na kusubiri boom. Leo nina mada, na imetokana na ubishi wa bwenini ulioanza saa mbili usiku ukaisha saa saba bila mshindi. Mada yenyewe hii hapa: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikitumia sarafu moja, mwananchi wa kawaida anafaidika? Na msafiri je?

Kwetu ni Mikese, mwendo mfupi tu kutoka hapa SUA kwa barabara ya kwenda Dar. Kwa hiyo nikisikia neno "mwananchi wa kawaida" simuoni yule wa kwenye vitabu. Namuona mama anayekaanga mihogo karibu na mizani ya malori, kijana wa bodaboda, fundi baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi, na mkulima mwenye ndizi zilizoshuka kutoka Uluguru. Hao ndio nitakaoipimia hii hoja.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema nimezunguka mbuyu. Msafiri atafaidika, tena sana. Mtu wa Mikese atafaidika kidogo, na siku mambo yakiharibika yeye ndiye atakayelipa. Lakini (na hapa ndipo penyewe) masharti ya kuingia kwenye hiyo sarafu yanamfaa mtu wa Mikese hata kama sarafu yenyewe haitakuja kamwe. Haya, twende taratibu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mpango wenyewe, maana bwenini kuna watu walikuwa wanabishana na kitu wasichokijua. Tarehe 30 Novemba 2013, pale Kampala, wakuu wa nchi tano za Jumuiya wakati huo (Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi) walisaini itifaki ya umoja wa fedha. Walijipa miaka kumi, yaani mpaka 2024 tuwe na noti moja mfukoni. 2024 ikaja, ikapita, noti hatukuiona. Tarehe ikasogezwa mpaka 2031. Huku nyuma familia ikaongezeka: Sudan Kusini ilijiunga 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Tukawa nane. Na tusisahau kwamba Tanzania iko pia SADC, ambako nako walipanga kuwa na sarafu moja ifikapo 2018. Nayo hatukuiona. Kwa hiyo sisi ni watu wa kualikwa harusi mbili, na zote zimeahirishwa.

Sasa msafiri. Hapa wanaoitaka sarafu moja wana hoja nzito na siwezi kuwapinga. Chukua mwanafunzi anayetoka Moro na shilingi 100,000, anapita Nairobi kwenda Kampala, halafu anarudi njia ile ile. Tuseme kila anapobadilisha anakatwa shilingi nne katika kila mia, kwa ile tofauti ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Akivuka Namanga anabaki na thamani ya 96,000. Akivuka Busia, 92,160. Anaporudi Kenya, 88,474. Akifika nyumbani ana 84,935. Yaani hajanunua hata soda na shilingi 15,000 na ushee zimeshakwenda! Hapo bado hujaweka wale jamaa wa mpakani wanaohesabu noti haraka haraka ukifika hotelini unakuta pungufu. Sarafu moja ingefuta hilo lote. Hata Mzungu anayekuja kupanda Uluguru kisha aende Mombasa angebadilisha pesa mara moja tu.

Na msafiri si mtalii tu. Mfanyabiashara naye ni msafiri, na yeye anaumia zaidi kwa sababu bei ya sarafu inabadilika mzigo ukiwa njiani. Mfano halisi ni mwanzoni mwa 2024. Mwishoni mwa Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Mwishoni mwa Machi ilikuwa karibu 131. Shilingi yetu wakati huo ilitikisika kidogo tu, kwenye 2,500 na kitu. Piga hesabu: shilingi 10,000 za Kenya ambazo Januari zilikuwa sawa na kama 156,000 za kwetu, Machi zilikuwa kama 195,000. Aliyepeleka vitunguu Nairobi na kulipwa Machi alicheka. Aliyekwenda kununua bidhaa Nairobi kwa mtaji wa shilingi za Tanzania alilia. Wote hawakufanya kosa lolote. Sarafu moja ingewaondolea bahati nasibu hiyo.

Kwa hiyo upande wa msafiri nimeshakubali, tusibishane.

Sasa turudi Mikese. Yule mama wa mihogo lini mara ya mwisho alishika shilingi ya Kenya? Labda hajawahi. Sarafu ya kigeni inayomgusa yeye ni dola, ingawa hajawahi kuishika nayo. Inamgusa kwenye mafuta ya kula, kwenye nauli ya gari la kwenda Moro mjini, na shambani kwenye mbolea. Dizeli tunanunua nje kwa dola, mbolea nyingi vilevile. Mnakumbuka 2023 dola zilipoadimika nchini, wafanyabiashara wakawa wanazitafuta kama almasi. Na Machi 2025 zikatoka kanuni za kukataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, ndiyo ujue dola ilikuwa imetuingia kiasi gani. Tukiwa na sarafu ya Afrika Mashariki bado dizeli itauzwa kwa dola. Kilichobadilika kwa mama wa mihogo ni picha kwenye noti.

Mtasema: lakini hapo Mikese malori yanapita, madereva wanatumia hela, biashara itachangamka. Ni kweli yanapita, tena mchana na usiku, na pale kwenye mizani yanapanga foleni. Lakini angalia yanakokwenda. Lori la Kigali au Bujumbura sawa, liko ndani ya Jumuiya. Lori la Lubumbashi linapita Tunduma na kuingia Zambia, na Zambia siyo mwanachama wa Jumuiya yetu, wana kwacha yao. Na Kongo kwenyewe watu wamezoea dola kwenye biashara zao. Dereva huyo hata tukiwa na sarafu moja bado atabeba pesa za aina mbili tatu mfukoni. Na mihogo ya Mikese hulipiwa kwa shilingi yetu leo, na ingelipiwa kwa sarafu mpya kesho. Biashara ya mama haijaongezeka hata kipande kimoja.

Kuna na suala dogo ambalo wachumi hawaligusi, la chenji. Sarafu mpya lazima iwe na kiwango cha kubadilishia, na bei zote zitageuzwa kuwa tarakimu mpya. Ulaya walipoanza kushika noti za yuro Januari 2002, bei kwa ujumla hazikupanda sana, lakini kwenye migahawa na vitu vidogo vidogo watu waliona zimepanda, mpaka Wajerumani wakaipa yuro jina la utani lenye maana ya kwamba ni ghali. Sasa fikiria huku kwetu ambako shilingi 50 ikikosekana dukani unapewa pipi au kiberiti! Muuza duka akigeuza bei, atapunguza au ataongeza? Mnajua jibu. Anayenunua kwa jumla hatasikia. Anayenunua mafuta ya kupima na sukari ya robo ndiye atakayesikia.

Lakini hayo ya chenji ni madogo. Kubwa ni hili, na naomba tulielewe bila maneno ya darasani. Leo Tanzania ikipata pigo, tuseme bei ya mazao yetu ya nje imeanguka au mvua zimekataa, shilingi yetu inashuka. Inauma, maana vitu vya nje vinapanda. Lakini mwenye ufuta au korosho anayeuza nje anapata shilingi nyingi zaidi, na nchi inapumua. Benki Kuu nayo inaweza kupunguza au kupandisha riba kufuatana na hali yetu. Ukiwa na sarafu ya pamoja huna hiyo nafasi. Riba inapangwa kwa ajili ya nchi nane, na sarafu haishuki kwa sababu ya shida ya nchi moja. Sasa pigo litakwenda wapi? Litakwenda kwenye ajira na mishahara. Badala ya shilingi kupungua thamani, ni watu wanaopunguzwa kazini.

Ugiriki waliyaona hayo. Walikuwa ndani ya yuro, na madeni yalipowafika shingoni kuanzia 2010 hawakuwa na sarafu yao ya kushusha. Kufikia 2013 zaidi ya robo ya watu waliotaka kazi hawakuwa nayo, na kwa vijana (yaani watu kama mimi na wewe) zaidi ya nusu. Kiangazi cha 2015 benki zilifungwa na mtu aliruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Na hao walikuwa kwenye umoja wenye nchi tajiri.

Tukitaka mfano wa Afrika, upo. Januari 1994 faranga ya CFA, inayotumiwa na nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, ilishushwa thamani kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa kwa mpigo mmoja. Haikuwa nchi moja moja kulingana na shida yake. Zote pamoja. Mama wa mihogo wa kule alilala akaamka bidhaa za nje zimekuwa ghali maradufu, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuangalie sisi wenyewe tunafanana kiasi gani. Sudan Kusini mwaka 2016 mfumuko wa bei ulifika mamia ya asilimia. Burundi mwaka 2023 ulizidi asilimia 20. Mwaka huo huo hapa Tanzania ulikuwa chini ya asilimia 5. Riba ipi itawafaa wote hao kwa pamoja? Ni kama mtu mwenye malaria na mtu mwenye kidonda kupewa dawa moja kwa sababu wanalala chumba kimoja.

Jamaa mmoja bwenini akaniambia, "Wewe unaogopa umoja." Hapana. Umoja nautaka, tena sarafu moja kwetu si kitu kipya kabisa. Reli ilifika Morogoro 1907 ikipitia Mikese, enzi za rupia ya Wajerumani yenye heller mia. Waingereza walipoiteka Morogoro 1916, Mikese ikawa kituo kikubwa cha kushushia askari na mizigo ya vita kuelekea Rufiji, na rupia ya India ikaingia. 1920 ikaletwa florini. 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919. Zanzibar ikaingia 1936. Mtu aliweza kutoka Mikese mpaka Mombasa au Kampala na shilingi ile ile. Raha kwa msafiri! Lakini kwa muda mwingi wa uhai wake kila shilingi ilitakiwa kuwa na pauni iliyowekwa London. Jasho la mkulima wa hapa lilikuwa linalala benki ya huko badala ya kujenga barabara ya huku. Ndiyo maana nchi zilipopata uhuru kila moja ikataka benki kuu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango Juni 1966.

Somo langu kwenye historia hiyo ni mbili. Moja, kati ya 1907 na 1966 mtu wa Mikese alibadilishiwa pesa mara nne na hakuna mara aliyoulizwa. Mbili, pesa haikuwa gundi. Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu, Edwin Mtei, baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya kuanzia 1974 mpaka ilipovunjika 1977. Ilivunjika kwa siasa, kutoaminiana na kugombania mali za pamoja, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Watu wakikosana, noti haiwapatanishi.

Na tusiende mbali. Tanzania Bara na Zanzibar tuna shilingi moja, benki kuu moja na nchi moja. Lakini kwa miaka mingi mtu aliyenunua televisheni Unguja akishuka nayo bandarini Dar alikuta maofisa wa ushuru wanamsubiri, mpaka ikawa moja ya kero za Muungano zinazojadiliwa kila awamu. Pesa ni ile ile na mzigo bado unazuiwa! Sasa hiyo ni ndani ya nchi moja. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, siku chache baadaye wakalegeza kwa masharti. Mwaka 2025 sisi nasi tukatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, mojawapo kununua mazao shambani. Uzuri au ubaya wa amri hiyo ni mada nyingine. Ninachosema ni kwamba aliyekwama hapo hakukwamishwa na shilingi.

Sasa tufike kwenye kile nilichosema ndipo penyewe. Ile itifaki ya 2013 ina masharti ya kuingia. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti ya serikali isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani yake ya sasa. Na nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kununua bidhaa za nje kwa miezi minne na nusu. Soma tena hayo manne ukimfikiria mwalimu wa Mikese mwenye mshahara usiopanda. Bei zisipande ovyo. Serikali isitumie sana kuliko inachopata. Madeni yasimsubiri mwanaye ambaye bado hajaanza la kwanza. Dola ziwepo siku mbolea inahitajika. Hivi kuna kitu hapo kinachohitaji tusubiri noti mpya? Hakuna! Hayo ni mema kwa kila nchi peke yake, leo, na shilingi yake hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi napendekeza tugeuze mjadala. Tusiulize "noti inakuja lini," tuulize mambo matatu.

Kwanza, kila mwaka serikali itutangazie kwa Kiswahili cha kueleweka tumefaulu masharti mangapi kati ya hayo manne. Siyo kwenye ripoti ya kurasa mia, kwenye redio. Mtu wa Mikese ajue.

Pili, kuvusha pesa kuwe rahisi. Tangu 2015 mtu wa Tanzania na wa Kenya wanaweza kutumiana kwa M-Pesa kuvuka mpaka, na kila mmoja anabaki na shilingi yake. Hiyo ndiyo sarafu ya pamoja ya maskini! Tatizo ni makato. Tulishaona 2021 tozo ya miamala ilivyowafanya watu warudi kubeba noti kwenye soksi. Makato ya kuvuka mpaka yakishuka yakawa karibu na ya ndani ya nchi, ile 15,000 ya msafiri wetu inarudi mfukoni mwake bila kuvunja benki kuu ya mtu yeyote.

Tatu, mipaka. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, Tanzania hatukuingia. Mtu ambaye hawezi kuvuka mpaka bila kuhangaikia hati ya kusafiria, sarafu moja itamsaidia nini? Atakuwa na noti ya Kampala na hafiki Kampala.

Hayo matatu yakifanyika miaka kumi mfululizo, na Burundi na Sudan Kusini nao wakatulia, basi siku hiyo tuzungumze sarafu. Na tuzungumze kwa kuuliza watu, siyo kusaini kwanza halafu kutangaza.

Nyie mnaoijua treni ya umeme iliyoanza 2024 mnajua inavyokwenda: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha Moro. Nzuri, ya haraka, najivunia. Ila abiria wa Mikese hana kituo. Anaiona inapita. Sarafu moja kama ilivyopangwa sasa naiona hivyo hivyo.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, hasa wenzangu wa uchumi mlionizomea juzi. Nawakilisha.